Pombe, Watoto na Barabara: Somo kwa Wakubwa wa Vijiji, Walimu na Wazazi

Katika somo hili twataka kueleza mambo mawili ambayo watu wengi huyaona kuwa mbalimbali. La kwanza ni watoto na vijana kunywa pombe kabla ya umri wao. La pili ni watu kuendesha motokaa na pikipiki hali wamelewa. Moja hutukia nyumbani na kilabuni, la pili hutukia barabarani. Lakini mzizi wao ni mmoja, nao ni mtu mzima aliyekuwapo, akaona, asizuie. Twawaomba wasomaji wasome polepole, na wajuao kusoma wawasomee wenzao barazani, maana jambo hili halimalizwi na mtu mmoja.

MAMBO YALIVYOKUWA NA YALIVYOGEUKA

Pombe si kitu kigeni kwetu. Wachagga wana mbege yao ya ndizi na ulezi. Watu wa Iringa wana ulanzi utokao katika mianzi. Watu wa pwani wana tembo la mnazi. Na kwingi katika bara hupikwa pombe ya mtama au ya mahindi. Katika makabila mengi pombe ilikuwa na adabu zake. Ilipikwa baada ya mavuno, au kwa ajili ya arusi, tambiko na kazi ya ujima. Walioinywa zaidi ni wazee, na kijana aliyeonekana kalewa mbele yao alijitia aibu. Hatusemi ya kuwa zamani hapakuwa na walevi, walikuwapo. Lakini nafaka ilikuwa na kiasi chake, na ilipokwisha nafaka pombe nayo ilikwisha.

Mambo matatu yamegeuka. Kwanza, pombe imekuwa bidhaa, na mwenye fedha huipata kila siku, awe mzee awe kijana. Pili, imekuja pombe kali ya viwandani, ambayo kidogo chake chaweza kumlewesha mtu kuliko kibuyu kizima cha pombe ya nyumbani. Tatu, imekuja mashine. Mlevi wa zamani alikwenda kwa miguu. Akianguka, alianguka peke yake, akalala kando ya njia mpaka umande ukamwamsha. Mlevi wa leo amekalia pikipiki, na nyuma yake pana mama na mtoto wake.

Wala msidhani ya kuwa ni aibu ya nchi zetu peke yake. Mjini London, tarehe 10 Septemba 1897, dereva wa teksi aitwaye George Smith alilewa, akaligongesha gari lake kwenye jengo, akashtakiwa na kutozwa faini. Wakati huo motokaa zilikuwa chache mno, hata hivyo ulevi ulikuwa umekwisha kupanda ndani yake.

HESABU YA POMBE MWILINI

Watu wengi husema, "Nimekunywa kidogo tu." Basi na tupige hesabu, walimu waiandike ubaoni.

Chupa ya bia ya mililita 500, yenye kileo asilimia 5, ina mililita 25 za kileo chenyewe, ambazo uzito wake ni kadiri ya gramu 20. Kileo hicho huingia katika damu, na damu hukipeleka katika ubongo. Mwenye kazi ya kukiondoa ni ini, nalo halifanyi haraka: kwa mtu mzima huondoa kadiri ya gramu 7 mpaka 10 kwa saa moja. Kwa hiyo chupa moja yataka saa 2 au karibu 3.

Tuseme dereva ameanza kunywa saa 2 usiku, na hata ilipofika saa 6 usiku amekwisha chupa 4. Hizo ni gramu 80. Ini lake likiondoa gramu 8 kwa saa, kazi hiyo yataka saa 10. Yaani itakwisha saa 12 asubuhi. Dereva huyu akiamka saa 10 alfajiri kuwawahi abiria wa mnadani, atajiona mzima kwa kuwa amelala; lakini bado amebeba gramu 16, karibu na chupa nzima. Chai ya rangi, kahawa, maji baridi ya kichwani na supu ya pilipili haziliharakishi ini hata kidogo. Humwamsha mlevi tu, akawa mlevi asiye na usingizi. Kinachoondoa ulevi ni saa kupita.

Sasa tutazame pombe kali. Kichupa cha mililita 250 chenye kileo asilimia 40 kina mililita 100 za kileo. Hicho ni sawa na chupa 4 za bia, nacho huingia mfukoni mwa kaptura. Ama pombe ya nyumbani, kama ulanzi na tembo, nguvu yake hubadilika: ya asubuhi ni tamu kama togwa, ya jioni imekwisha kuchacha na kuwa kali. Mnywaji wake hawezi kupiga hesabu hii, kwa hiyo yampasa kujihadhari zaidi.

KWA NINI MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Kikombe kile kile akinywacho mtu mwenye kilo 60, akikinywa mtoto mwenye kilo 30, ulevi wake huwa kadiri ya mara mbili, maana mwili wake una maji machache ya kukizimua kileo. Tena kwa mtoto pombe huweza kushusha sukari ya damu hata akapatwa na kifafa au akazimia. Wazazi wengine humtilia mtoto kidogo "apate usingizi" au "minyoo ife". Huo si uganga. Pombe haitibu minyoo, na usingizi ule ni wa sumu.

Madhara ya pili huja polepole. Ubongo wa binadamu haukomi kukua anapobaleghe. Huendelea kujijenga mpaka miaka ishirini na kitu, na sehemu ya mwisho kukomaa ni ile ya kupima mambo na kujizuia. Kijana anywaye humwaga maji juu ya tofali bichi. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1997, watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walionekana kupatwa na utumwa wa pombe mara nne zaidi kuliko wale waliongoja mpaka miaka 21. Basi kila mwaka ambao mtoto anacheleweshwa kuonja ni akiba kwake.

Akionekana mtoto au kijana amezimia kwa pombe, asiachwe peke yake, wala asilazimishwe kunywa maji, maziwa wala kahawa, maana yaweza kumpalia. Alazwe kwa ubavu ili akitapika asisongwe na matapishi, afunikwe apate joto, apelekwe upesi kwa mganga wa zahanati au hospitali. Kuona haya kusimzuie mtu kumpeleka.

KINACHOTUKIA BARABARANI

Ulevi hauanzi mtu anapopepesuka. Kabla ya hapo macho hupungua uwezo wa kufuata kitu kinachokwenda mbio, mkono huchelewa kuitii akili, na ushujaa huzidi. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana kile kiungo ambacho kingemwambia mtu "umelewa, usiendeshe" ndicho cha kwanza kulewa. Kwa hiyo kumwuliza mnywaji kama aweza kuendesha ni kumwuliza shahidi asiyefaa.

Chombo kiendacho kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa nukta moja ya saa, yaani sekunde moja. Dereva akichelewa nusu ya sekunde tu kukanyaga breki, amekwisha kupita mita 7 zaidi. Mwalimu awapeleke wanafunzi uwanjani wapime mita 7 kwa hatua. Hapo ndipo aliposimama mtoto mwenzao akivuka kwenda shule.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa watu kadiri ya 1,190,000 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021 duniani mwote, na ya kuwa kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna jambo liuwalo zaidi kuliko hilo. Si ajali zote zilizotokana na pombe, lakini hii ni sababu mojawapo ambayo binadamu aweza kuizuia kabla chombo hakijawashwa. Watu husema ajali haina kinga. Methali hii ni kweli kwa mti uangukao kwa upepo. Si kweli kwa mtu aliyekunywa mbele ya macho yetu, akachukua funguo mbele ya macho yetu.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara yamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na yakataza kumwuzia pombe. Katika Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 nayo yakataza kumwuzia au kumpa pombe aliye chini ya miaka 18. Kuendesha chombo hali umelewa ni kosa katika nchi zote mbili. Kwa Tanzania limo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Serikali pia zilikitazama chombo cha kutilia pombe. Vifuko vidogo vya pombe kali, ambavyo Tanzania viliitwa viroba, vilipigwa marufuku Kenya kwa sheria ile ya mwaka 2010, Tanzania tangu tarehe 1 Machi 2017, na Uganda mwaka 2019. Sababu ilikuwa wazi. Kifuko cha mililita 100, chenye kileo asilimia 40, ni zaidi ya chupa moja na nusu ya bia. Bei yake ilikuwa ndogo, nacho kilifichika katika mkoba wa mwanafunzi na katika koti la dereva.

Marufuku hayo yalikuwa mema. Walakini sheria huiondoa bidhaa dukani. Haiwezi kuuondoa mkono wa mjomba unaompa mtoto kikombe nyuma ya nyumba. Wala polisi hawezi kusimama katika kila panda ya njia ya kijiji usiku wa Jumamosi. Hapo ndipo kazi ya serikali inapokoma na kazi yetu inapoanza.

MKONO WA MTU MZIMA

Na tujiulize: mtoto wa miaka 12 huipata wapi pombe ya kwanza? Mara nyingi si kwa mwizi wala kwa mgeni, bali kwa watu wake. Hutumwa na baba kwenda kuileta, naye huonja njiani. Huitwa na babu wakati wa arusi, apige funda moja wageni wacheke. Hukusanya mabaki ya vikombe baada ya msiba. Husaidia mamaye kilabuni, akaambiwa aonje kama imeiva. Hakuna katika hawa aliyetaka mtoto aharibike. Kila mmoja alitoa kidogo, na kidogo hizo zikajaa.

Kadhalika na dereva. Aliyelewa hakulewa peke yake. Alikuwa na wenzake, na mwuzaji, na mwenye arusi aliyemwongeza kikombe cha kuagia. Wote walimwona akienda kwenye pikipiki. Wengine walimwonea haya kwa kuwa ni mkubwa kwao, wengine walidhani ya kuwa mwingine atasema. Asubuhi wote wako matangani, na kila mmoja asema, "Nilijua." Kujua huko hakumfai marehemu.

MAMBO YA KUFANYA

Haya hayahitaji fedha nyingi, bali yahitaji watu kukubaliana.

1. Mtoto asitumwe pombe kabisa. Mwenye kilabu akijiwa na mtoto akisema, "Shikamoo mama, nimetumwa na baba," amjibu kwa upole, "Marahaba mwanangu, mwambie baba aje mwenyewe." Neno hili likisemwa na wauzaji wote, hata wazazi wagumu watazoea. Likisemwa na mmoja tu, atapoteza wanunuzi na wengine watamcheka; ndiyo sababu yataka mapatano ya kijiji kizima.

2. Funguo zitangulie kikombe. Katika arusi, ngoma na sherehe, mwenye shughuli amweke mtu mmoja asiyekunywa, aheshimiwaye, akae mlangoni. Kila ajaye na chombo ampe funguo kabla ya kuonja lolote. Kumnyang'anya mtu aliyekwisha lewa ni ugomvi. Kumpokea mtu akiwa na akili zake ni adabu. Wakati wa kuondoka mtunza funguo aweza kusema, "Baba mdogo, leo pikipiki italala kwangu, nawe utakunywa uji nasi asubuhi." Hapo hakuna aliyetukanwa.

3. Waendesha pikipiki za abiria, waitwao bodaboda, wawe na mapatano kituoni kwao. Aliyekunywa asipewe zamu siku hiyo wala asubuhi yake, na viongozi wa kituo ndio wamzuie, maana mwenzake husikilizwa kuliko askari. Abiria nao wana haki ya kushuka. Mama akisikia harufu ya pombe, ashuke, alipe kwa safari aliyokwisha kwenda, atembee.

4. Wakubwa wa vijiji watumie uwezo walio nao. Chifu wa Kenya ana baraza lake. Katika Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, yaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Watu huzijadili katika mkutano wa kijiji, na halmashauri ya wilaya huzithibitisha kabla hazijatumika. Kijiji chaweza kukataza watoto kukaa kilabuni na kilabu kuwa karibu na shule. Lakini mkubwa atakayeitangaza sheria asubuhi na kuonekana kalewa jioni ameifuta yeye mwenyewe.

5. Mwalimu aifundishe hesabu ya hapo juu, wala asifundishe kwa vitisho peke yake. Kijana akiambiwa ya kuwa pombe huua mara moja, kisha akamwona jirani anywaye akiishi, ataacha kuamini na yale yaliyo kweli. Tena mwalimu akimwona mwanafunzi ananukia pombe, kabla ya kumwadhibu amwulize ameipata wapi. Jibu lile litampeleka kwa mtu mzima.

6. Wakati wa fedha uangaliwe kuliko wakati mwingine wote. Kahawa, pamba na korosho zikilipwa, mifuko hujaa, vilabu hujaa, na vyombo vipya hununuliwa na vijana wasiojua bado kuendesha. Mkutano wa kukumbushana ufanywe wiki ya kabla ya malipo, si ya baada ya mazishi.

UDHURU NA MAJIBU YAKE

Wako watakaosema, "Mama huyu awasomesha watoto wake kwa kupika pombe, mwataka afe njaa?" Hatutaki. Mjane apikaye pombe kwa ajili ya karo ana shida ya kweli, na kumtukana si kumsaidia. Tunalomwomba ni dogo: mtoto amchotee maji na kumletea kuni mchana, lakini jua likitua awe nyumbani na daftari lake, wala asiwe mwonjaji wala mhudumu wa walevi. Karo inayolipwa kwa kumfunza mtoto ulevi humrudisha mtoto yule yule kilabuni akiwa mnunuzi. Na kijiji kikimwambia mama huyo aache kazi hiyo, kimwonyeshe kwanza kazi nyingine.

Wengine husema, "Sisi tulianza tungali wadogo, na hatukudhurika." Waliosalia ndio wasemao, waliodhurika hawako barazani kujibu. Na wengine husema ya kuwa kumnyima mgeni kikombe cha mwisho ni uchoyo. Kumpa mgeni mkeka wa kulalia ni ukarimu mkubwa kuliko kikombe, nao humfikisha kwake salama.

Dini ya Kiislamu yaikataza pombe kabisa, na Wakristo wengine vilevile. Wafuasi wao wana njia yao iliyo wazi. Somo hili halimlazimishi mtu mzima anywe au asinywe. Lasema hivi tu: akinywa, asimnyweshe mtoto, na akinywa, asiendeshe. Samaki hukunjwa angali mbichi, na funguo hupokewa mwenyewe angali mzima.

MASWALI YA DARASA NA YA BARAZA

1. Mtu amekunywa chupa 3 za bia za mililita 500, zenye kileo asilimia 5, kuanzia saa 1 usiku. Ini lake likiondoa gramu 8 kwa saa, atakuwa mzima saa ngapi?
2. Kwa nini kahawa haiondoi ulevi?
3. Chombo kiendacho kilometa 50 kwa saa hupita mita ngapi katika nusu ya sekunde?
4. Katika kijiji chetu, mtoto aweza kupata pombe kwa njia ngapi? Zitajeni zote, na kwa kila njia mseme ni nani awezaye kuifunga.
5. Katika arusi ijayo, nani atatunza funguo?